Kichwa Kinachouma na Kurudi: Migreni ya Watoto na Vijana
Maongezi kwa wamama wa kliniki

Wale wenye watoto wanaolia wakae karibu na mulango, si vibaya, mutasikia tu. Leo hatutaongea juu ya kuhara wala juu ya chanjo. Tutaongea juu ya kichwa cha watoto wakubwa, wale wa miaka 6, wa 10, wa 15, wale wanaobaki nyumbani ao masomoni wakati munaleta wadogo wao hapa kupimwa kilo.

Maana kila wiki tunasikia neno hili: "Muganga, huyu mukubwa wake, kichwa inamuumaka." Tunauliza: tangu lini? Mama anajibu: "Tangu mwaka jana. Inamushika, inamuacha, inamushika tena. Tulimupa dawa ya malaria mara sita." Mara sita, wamama! Na kila mara mutoto alipona kesho yake, basi mama alifikiri dawa ndiyo imefanya kazi. Lakini angepona kesho yake hata bila dawa ile. Kuna ugonjwa wa kichwa wenye desturi hiyo: unakuja, unatesa kwa masaa, unaenda zake, mutoto anakuwa muzima kabisa, anacheza, anakula, na siku nyingine unarudi. Jina lake ni migreni.

Watu wengine wanasema migreni ni ugonjwa wa wakubwa, ao wa Wazungu, ao wa watu wa biro. Hapana. Watoto wanayo. Muganga mumoja wa nchi ya Sweden, Bo Bille, aliuliza habari za watoto wa masomo karibu 9,000 katika muji wa Uppsala, na mwaka 1962 akaandika kwamba karibu watoto 4 katika kila 100 walikuwa nayo. Tangu wakati ule waganga wamehesabu katika nchi nyingi, na mara nyingi wamepata wengi kuliko hao. Kwa hiyo katika darasa la watoto 50 si ajabu kupata wawili, watatu ao zaidi. Wakiwa wadogo, wavulana na wasichana ni sawasawa. Wakianza kukomaa, wasichana wanapita.

Sasa mushike neno hili vizuri. Migreni haionekani katika damu. Haionekani katika mikojo wala katika choo. Hata picha ya kichwa ya mashini kubwa za muji haiwezi kuionyesha. Picha ile inatafuta magonjwa mengine. Migreni inajulikana kwa njia moja tu: habari yote ya mutoto, tangu mwanzo mpaka mwisho, pamoja na mwili ambao muganga ameuchunguza na kuukuta salama. Na habari ile nani anayo? Si sisi. Wakati unafika hapa mutoto amekwisha kupona, anacheka na wenzake pale inje. Wewe mama ndiwe uliyemuona akiteswa. Kwa ugonjwa huu, wewe ndiwe labo yetu.

Basi tutakuuliza nini? Waganga wa dunia wamepatana juu ya alama za migreni. Kwanza, iwe imekuja mara 5 ao zaidi. Kichwa cha mara moja hakitoshi kuiita migreni, hata kama kilikuwa kikali. Pili, kila mara ikae muda wake: kwa watoto na vijana ni masaa 2 mpaka masaa 72, ni kusema siku 3, kama hapakuwa dawa ya kuituliza. Kichwa cha dakika kumi tu, halafu mutoto anakimbia kwenye mupira, si hicho.

Halafu tunauliza namna ya maumivu yenyewe. Je, yanapiga kama ngoma, dum, dum, kwa mupigo wa moyo? Je, ni makali, ya kumuachisha kazi? Je, akitembea ao akipanda kilima yanazidi, mpaka anaacha na kulala? Je, yako upande mumoja? Hapa muwe na akili: kwa mutu mukubwa migreni inapenda upande mumoja, lakini kwa mutoto mara nyingi inashika paji lote la uso, ao pande zote mbili juu ya masikio. Usiseme "si migreni kwa sababu ni pande zote." Katika alama hizi nne tunatafuta mbili. Na tena tunatafuta moja ya hizi: kichefuchefu ao kutapika, ao kukataa mwanga na kelele, vyote viwili pamoja.

Mutasema: mutoto wa miaka 6 atajuaje kunieleza mambo ya ngoma na mwanga? Hatakueleza, lakini utaona. Alikuwa anacheza, ameacha. Amenyamaza. Uso wake umegeuka kama majivu, midomo haina damu. Ameingia kwenye chumba chenye giza, amejifunika kikwembe kwenye kichwa, na jua linawaka inje. Anaomba redio ifungwe. Harufu ya mafuta ya mawese kwenye moto inamuchukiza, na jana alikuwa anaipenda. Anatapika, halafu analala. Akiamka, anauliza: "Mama, chakula iko wapi?" Ule usingizi unaomaliza maumivu ni habari kubwa kwetu, usisahau kutuambia. Wengine wanampa mutoto kijiti achore kichwa chake chini kwenye mavumbi. Watoto wanachora nyundo, ao mutu anayelala, ao nyota juu ya macho. Mutoto anayekosa maneno, mukono wake unaweza kusema.

Nimetaja nyota. Vijana wengine, kabla ya kichwa kuanza, wanaona vitu: nuru inayometameta, mustari wenye meno kama ukingo wa manjanja ya nyumba, ao tundu katikati ya kitabu ambalo linameza maneno. Wengine mukono ao shavu linasikia kama sisimizi wanatembea. Inakuja polepole, inakaa kati ya dakika 5 na saa moja, inapita, kisha kichwa kinauma. Mutoto anaogopa sana. Akisema nyumbani "ninaona moto," kuna jamaa zitaanza kunong'ona juu ya uchawi, na tunajua watoto waliofukuzwa nyumbani juu ya maneno madogo kuliko hayo. Wamama, ile nuru inatoka katika ubongo wake mwenyewe, ni sehemu ya ugonjwa. Mulete hapa atueleze yeye mwenyewe, na muache jirani waseme. Lakini kama ni mara ya kwanza, ao kama mukono umelegea kabisa, si kusikia sisimizi tu, mulete siku ile ile.

Kwa wadogo sana kuna jambo lingine. Pengine migreni yao iko tumboni. Mutoto anashika kitovu, anakuwa mweupe, hataki kula, anatapika, na kichwa hakiumi hata kidogo. Inakaa masaa 2 mpaka siku 3, inaisha, anakuwa muzima, inarudi mwezi mwingine. Amekunywa dawa ya minyoo kila mara. Muganga lazima amuchunguze tumbo kwanza, maana tumbo lina magonjwa yake mengi. Lakini kama tumbo ni zuri na kwao kuna watu wa kichwa, tunakumbuka migreni. Wengi wao wakikua, maumivu yanahamia kichwani.

Ndiyo, kwao kuna watu wa kichwa. Migreni inatembea katika jamaa. Tutakuuliza juu yako, juu ya mama yako, juu ya jamaa ya baba. Wababa wengi wanajibu upesi: "Kwetu hakuna." Kisha shangazi wa mutoto anakuja kusalimia mugonjwa, amefunga kitambaa kwenye paji la uso, na yeye ndiye anayesema kwamba amefunga hivyo tangu usichana wake. Uliza shangazi.

Juu ya wasichana nitakaa kidogo. Musichana wa miaka 13 ao 14 anaanza kuona mwezi, na kichwa kinaanza ao kinazidi siku zile zile. Anatapika asubuhi, analala, hataki harufu ya chakula. Nyumbani wanafikiri nini? Munajua wenyewe. Wanafikiri mimba. Anachapwa, anatukanwa, pengine baba anasema aache masomo. Kumuuliza kwa upole, ninyi wawili peke yenu, ni haki ya mama. Na hapa tunaweza kupima, pasipo kutangaza. Lakini mimba haiji na kuondoka katika siku moja, kisha kurudi mwezi unaofuata. Andika siku za kichwa na siku za mwezi wake pamoja, utaona kama zinafuatana.

Sasa tufike kwenye jambo la hatari, na hapa ninaomba hata wale walio karibu na mulango wasikilize. Kabla ya kusema "ni migreni", lazima tuhakikishe si kitu kingine. Jina la migreni lisiwe kitanda cha kulaza ugonjwa unaoua.

Kichwa pamoja na homa si migreni mpaka tumepima. Mulete siku ile, apimwe damu ya malaria. Na hapa jambo linalochanganya watu: katika inchi yetu mutoto muzima anaweza kuwa na wadudu wa malaria katika damu bila kuumwa. Kwa hiyo kipimo kikionyesha malaria tunaitunza, ndiyo. Lakini kama kichwa kinarudi mara sita, saba, bila homa, mwili ukiwa baridi, usiendelee kusema ni malaria ile ile. Kichwa, homa, na shingo iliyokaza, ao mutoto anasinzia haamuki vizuri, ao anashikwa na kifafa: huyo anaweza kuwa na menenjiti. Usingoje asubuhi. Usingoje baba arudi. Amuka uende.

Menenjiti nyingine inatembea polepole, ile ya kifua kikuu. Mutoto anakonda, anakasirika bila sababu, kichwa kinauma kila siku kwa wiki mbili, tatu, na nyumbani kuna mutu anayekohoa muda murefu. Tuambie juu ya yule anayekohoa, hata kama unasikia haya.

Halafu kuna kichwa ambacho hakiji na kwenda bali kinakua. Wiki hii kinazidi wiki iliyopita. Kinamuamusha usiku, ao kinaanza alfajiri pamoja na kutapika, na akikohoa kinapasuka. Macho yanaangalia pande mbili, ao anaona vitu viwili viwili. Anatembea kama mulevi. Maandiko yake katika kaye yameharibika na zamani yalikuwa mazuri. Mwalimu ndiye anayeona hilo mbele ya wazazi, sikieni mwalimu. Ao maumivu yako nyuma kwenye kisogo. Mutoto kama huyo anaweza kuwa na kitu kinachobana ubongo, na tutamutuma kwa hospitali kubwa upesi.

Mutoto wa SS akiumwa kichwa kikali, akilegea mukono ao muguu, ao mudomo ukipinda, asikae nyumbani hata saa moja. Kadhalika yule aliyeanguka juu ya mwembe na kugonga kichwa. Kadhalika kichwa kilichokuja ghafula kama kupigwa na nyundo. Uso umevimba asubuhi na mikojo ni kama chai? Tutapima tansiyo, maana pengine ni figo. Na mutoto aliye chini ya miaka 6 anayelalamika kichwa mara kwa mara tunataka kumuona kila mara. Migreni iko hata kwa hao, lakini si sisi wa kubahatisha.

Kitu kingine ambacho labo haitakuambia: angalia kama ni mutoto peke yake. Katika milima yetu, wakati wa baridi, watu wanaingiza mbabula ya makala ndani na kufunga mulango na dirisha. Asubuhi wote wanaumwa kichwa, wanatapika, wana kizunguzungu. Ile ni sumu ya moshi usioonekana, na inaua watu usingizini. Wote watoke inje kwenye hewa mara moja, waje hospitali, na mbabula isilale ndani tena. Tena, kama wote waliokula muhogo mukali usiolowekwa siku za kutosha wanashikwa na kichwa na kutapika masaa machache baada ya chakula, ile ni sumu ya muhogo. Waletwe upesi. Migreni haishiki nyumba nzima usiku mumoja.

Mukija, muuguzi atafanya hivi, musishangae. Atapima joto, kilo na tansiyo. Atainamisha shingo ya mutoto. Ataangalia ndani ya macho na taa ndogo. Atamwambia afumbe macho na kugusa pua yake na kidole, atembee juu ya mustari, asimame na muguu mumoja. Mutoto anafikiri ni mchezo, lakini muuguzi anachunguza ubongo na mishipa. Kama yote ni mazuri, na habari ya mama inafanana na zile alama, tunasema migreni bila kungoja mashini. Musiuze mbuzi juu ya picha ya kichwa kama muganga hakuiomba. Miwani pia: mutoto asiyeona ubao vizuri apimwe macho, lakini miwani haiponyeshi migreni.

Na wembe. Kuna wanaokata paji la uso la mutoto na kupaka dawa nyeusi. Kisha mutoto analala, anaamka muzima, na wote wanasema wembe umefaa. Ni hesabu ile ile ya dawa ya malaria: migreni ilikuwa inakwenda zake. Lakini wembe wa watu wengi unaacha magonjwa ambayo hayaendi zake.

Ya dawa nitasema kifupi, maana leo somo ni kujua ugonjwa. Maumivu yakianza tu, usingoje yakomae: giza, kimya, maji ya kunywa, na parasetamoli kwa kipimo cha kilo zake, kile ambacho muuguzi ameandika kwenye fishi, wengine tunawapa ibuprofeni. Aspirini hapana kwa watoto. Na usimupe dawa ya kichwa zaidi ya siku mbili katika wiki moja. Dawa ya kila siku yenyewe inazaa kichwa kingine. Kama maumivu yanakuja mara nyingi hivyo, rudi tuongee.

Kazi ya nyumbani ni kaye. Chukua kaye ya zamani yenye kurasa safi. Kila mara kichwa kinashika, andika tarehe, saa ya kuanza, saa ya kuisha, kama alitapika, kama alikataa mwanga na kelele, kama mwili ulikuwa na moto. Andika pia mambo ya siku ile: alikwenda masomoni bila kula? Alilala saa ngapi? Alichota maji juani? Wamama wengi wanagundua wenyewe kwamba kichwa kinakuja siku ya njaa na ya usingizi mufupi, na kikombe cha uji asubuhi kinapunguza mambo. Usiyejua kuandika, mutoto wako wa masomo ataandika. Ao piga mustari na kala kwenye ukuta, murefu kwa siku kali, mufupi kwa siku ndogo, na duara kama alitapika. Utukumbushe mistari ile. Miezi miwili ya mistari inatusaidia kuliko mwaka wa kusema "inamuumaka".

Mama mumoja ameuliza: je, itaisha? Yule Bille wa Sweden alifuata watoto 73 wenye migreni kali kwa miaka 40. Wengine iliwaacha katika ujana. Wengine iliwaacha miaka mingi, ikarudi. Walipofika karibu na miaka 50, zaidi ya nusu walikuwa nayo bado. Kwa hiyo hatuahidi kwamba itaisha. Tunaahidi kwamba mutoto anayejua jina la ugonjwa wake, na anayetunzwa mapema, anateswa kidogo.

Na mama mwingine: je, aache masomo? Hapana. Tutakupa karatasi kwa mwalimu. Siku inapomushika, mwalimu asimuite muvivu wala asimupige. Amuache alale mahali penye kivuli na kimya, apewe maji na dawa yake, asiachwe peke yake, na maumivu yakiisha arudi kwenye darasa. Karatasi zile ziko kwa muuguzi wa kuandika fishi. Mumuombe kabla ya kwenda nyumbani.